Daftari la Mbegu

Daftari langu ni la mistari, jalada limeliwa na mende.
Ukurasa wa kwanza: Ushirika wa Bonde, Kengeja.
Watu ishirini na saba, kumi na tisa wanawake.
Azima pishi, rejesha pishi na kibaba.
Hiyo ndiyo sheria yetu yote. Haikutaka wakili.

Kabla yake, kila mtu na konde lake,
kila mtu na dua yake.
Tuta la Hamad lilipopasuka
tulisema: la Hamad hilo.
Bamvua halikuuliza la nani.
Liliingia usiku kwa tundu la kaa,
asubuhi mpunga umesimama
kama mfiwa ambaye hajaambiwa,
na tope likakauka jeupe;
ukilamba kidole unakumbuka dagaa.

Mwaka ule tulikula kwa kungoja meli.
Mchele wa gunia lenye maandishi tusiyoyajua
ukapanda bei dukani kwa Nassor
nasi tumo kwenye foleni, pesa tumezishika.
Time Faki akageuka, akatuuliza sote:
"Mvua tunayo, mabonde tunayo, mikono hii hapa.
Mbona tumbo letu liko bandarini?"

Mbegu ilitoka Kisiwa Panza,
kwa Bi Mgeni Shaame,
kule wanakoishi na chumvi kama na jirani mgomvi.
Tuliwaona wanyonge watu wale.
Tukiwauzia muhogo tuliwapunja.
Akatoa kibuyu kilichozibwa kwa nta na jivu.
"Hii haina jina. Inaonja bahari, haifi.
Chukueni. Nami nataka mbegu yenu ya viazi vikuu,
na mkija kuzileta, njooni na majembe:
tuta letu limelala."

Tulikwenda. Siku sita.
Wa kwanza kuingia topeni alikuwa Hamad,
hakusema kitu,
hajasema mpaka leo.

Nikagawa kwa vibaba. Kila jina na dole gumba lake.

Mstari wa kumi na nne: Raya Khatib. Vibaba viwili.
Masika yakaisha, kipande chake kitupu.
Tukakutana skuli, mbele ya ubao
wenye hesabu za kutoa ambazo hazijafutwa.
Raya hakuinua uso.
"Nilipika," akasema. "Siku mbili walilalia uji wa maji.
Ya tatu nikaitia kinuni."

Nje, mashine ya kukoboa ilikohoa, ikazima.
Kalamu mkononi, wote wananitazama mimi.
Niandike nini? Imepotea?
Haikupotea, najua ilipo:
watatu wanacheza nage pale uwanjani.
Imeibwa? Mwizi hatwangi huku analia.
Mbegu ni chakula kilichoambiwa kisubiri,
na mtoto hajui kusubiri ni nini.

Time akafungua pindo la kanga,
konzi moja juu ya meza.
Mize, konzi. Wengine wakatumwa nyumbani kuchukua.
Hamad, kimya chake kile kile, makonzi mawili.
Wapo waliokunja mikono, siwataji.
Tukapima: kibaba na kidogo.
Na pale pale tukanunua pipa la bati,
la kula, si la kupanda:
kila mvunaji pishi moja humo
kabla hajafika kwake.
Sheria ya pili. Nayo haikutaka wakili.

Nimeandika misimu minne sasa.
Kona ya mashariki bado nyeupe.
Wawili wamejitoa, wanasema vikao vinawachosha.
Juzi wamekuja watu wa Makoongwe
na vijiti vya muhogo vimefungwa kwa ukili,
wanaulizia ile isiyo na jina.
Nimewafungulia ukurasa.

Mstari wa kumi na nne haujafungwa.
Raya alikwisha kulipa, na ziada,
lakini kila mavuno huja na konzi,
huchungulia jina lake, huniuliza:
"Bado?"
Hataki nipige mstari.
Mwenye deni, anasema, ana mlango wa kurudia.
"Bado," namwambia,
naye hukung'uta makapi kiganjani, akaenda zake bondeni.